Ng'ombe Watatu Ndani ya Vyumba Vinne

Hebu niambie wewe unayesikiliza: umemkopesha mtu hela zako halali, hela za ng'ombe watatu uliowaswaga mwenyewe mpaka mnadani, halafu siku ya malipo ikifika anakulipa na wewe unazikataa. Anakutumia kwa simu, unamrudishia. Anakutumia tena, unarudisha tena. Tukuelewe vipi?

Severina alimwelewa Mzee Mughwai vibaya, na usimlaumu. Mtu aliyefiwa na mume, ana kiwanja kimoja tu, hana nafasi ya kuwaelewa watu vizuri kwanza.

Kiwanja chenyewe kilikuwa Ikungi, upande wa nyuma ya barabara iendayo kwenye ofisi za wilaya. Marehemu mumewe, Melkizedeki, alikuwa amechimba msingi wa vyumba vinne hapo, akachoma tanuru la tofali, akalifunika kwa nyasi na mabati mawili yaliyotoboka. Kisha akaugua kifua, miezi mitano, akaenda. Msingi ukabaki. Mbuzi wa majirani wakaufanya mahali pa kulala mchana, kwa sababu zege lilikuwa na ubaridi.

Severina alipika chakula karibu na zile ofisi. Alikuwa na meza mbili, mabenchi manne na sufuria ya maharage isiyokauka. Kila wiki alikuja mtumishi mgeni, mwalimu au karani, na kabla hajamaliza ugali aliuliza, "Mama, humjui mtu mwenye chumba?" Severina alijibu, "Nitakuulizia," na akili yake ikaenda kwenye ule msingi wa mbuzi.

Benki walitaka makaratasi ambayo hakuwa nayo. Wale wa mikopo ya kausha damu, yenye riba ya kuumiza, walimfuata wenyewe, vijana wa pikipiki wenye madaftari, lakini Severina alishaona kwa macho yake godoro la jirani likifungwa nyuma ya pikipiki saa nne asubuhi, na mwenye godoro amesimama mlangoni na kanga moja. Akawaambia vijana, "Asanteni, kuleni maharage mwende."

Aliyempa njia alikuwa Amne, mwenyekiti wa kikundi chao cha kuweka na kukopa. Amne aliuza mafuta ya alizeti kwa madumu, na mdomo wake haukuwa na kufuli.

"Mama Jesca," alisema, maana binti wa Severina, aliyeolewa Singida mjini, aliitwa Jesca, "sanduku la kikundi halikutoshi. Lakini sanduku ni sanduku na watu ni watu. Tukopeshane wenyewe kwa wenyewe. Mimi nakupa laki nne kutoka mfukoni kwangu, unanirudishia laki nne na elfu arobaini. Nitakutafutia na wenzangu watatu."

Akawatafuta, wakapatikana. Ikawa milioni moja na laki sita. Fundi alipopiga hesabu ya mabati, mbao, saruji, milango na choo, zikapungua kama milioni mbili.

"Nje ya kikundi," Amne akauliza, "nani anakufahamu mpaka jikoni?"

Severina akafikiri, akasema, "Mzee Mughwai wa Ihanja."

Huyu alikuwa rafiki wa marehemu. Kwa miaka tisa Melkizedeki alimfugia ng'ombe wake, pale walipokuwa wakikaa zamani pembeni mwa mji. Kufugiana ng'ombe ni jambo la kawaida huku: mwenye ng'ombe wengi anawagawa kwa marafiki, ili ugonjwa au ukame usimmalizie wote mahali pamoja. Melkizedeki alipofariki, Severina hakuwa na mtu wa kuchunga. Baada ya matanga aliwarudisha ng'ombe wote Ihanja, akamtuma kijana wa watu awapeleke. Mzee Mughwai aliwapokea, akawahesabu, akawaingiza zizini.

Basi Severina akaenda Ihanja, akaeleza shida yake akiwa amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu.

"Utavifuga mwenyewe hivyo vyumba, au utamwachia mtu?"

Severina alitabasamu. Aliona ni maneno ya kizee. "Nitavifuga mwenyewe, baba."

"Haya."

Mnada uliofuata Mzee Mughwai alifika Ikungi na ng'ombe watatu, mmoja mwekundu, mmoja mweusi mwenye baka jeupe shavuni, na mmoja ambaye pembe yake ya kushoto ilikuwa imeinama. Akawauza. Akaja na milioni mbili na laki moja zimefungwa kwenye kitambaa cha kitenge, akaziweka mezani kwa Severina katikati ya sahani za maharage.

Amne alikuwepo, na karatasi zake za kikundi, zile zilizochapwa tayari na kuachwa nafasi za kujaza. Akajaza. Zilisema mkopo ulipwe kila mwezi kwa miezi ishirini na nne, na ongezeko lake, na dhamana ni kiwanja. Ikifika mwisho wa Juni ya mwaka wa pili deni halijalipwa, kiwanja ni cha mkopeshaji. Severina akatia saini. Mzee Mughwai, ambaye hakusoma, akaambiwa, "Weka kidole hapa, mzee," akaweka. Nakala yake akaikunja mara nne, akaitia ndani ya koti.

"Salimia nyumba," akasema, akaondoka.

Nyumba ilijengwa. Kuta zilipanda kwa tofali za Melkizedeki mwenyewe, na zilipobaki ishirini na sita Severina akazipanga kuzunguka mche wa mpapai. Milango ilipakwa rangi ya bluu kwa sababu fundi alikuwa na bluu iliyobaki kwingine, akaiuza kwa bei ya chini. Mwezi wa nane wapangaji wakaingia, wa kwanza wao nesi mmoja aitwaye Peniel, msichana mwenye adabu na redio. Kila chumba elfu hamsini kwa mwezi.

Mwezi wa tisa Severina alituma kwa Mzee Mughwai fungu lake la kwanza, laki moja, kwa simu. Haikupita saa moja, simu ikalia. Laki moja imerudi. Chini yake ujumbe, ulioandikwa na Theresia, mkwe wa mzee: "Shikamoo mama. Baba anasema hizi si zake."

Severina alidhani amekosea namba. Akatuma tena, akahakikisha jina. Zikarudi. Mwezi wa kumi vilevile. Mwezi wa kumi na moja akapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Baba, nimetuma ule mzigo, naona unarudi."

"Vyumba vipo?"

"Vipo baba."

"Havijaugua?"

"Hapana, viko vizuri."

Mzee akanyamaza, kama mtu anayesubiri aongezewe kitu. Severina akadhani mtandao unasumbua. Mzee akasema, "Haya. Wasalimie," simu ikakatika.

Mtu mzima kama yule humbani kwa maswali. Severina akaacha. Lakini alikuwa mtu wa utaratibu: kila mwezi alizitoa zile laki moja za mzee, akaziweka kwenye akaunti ya akiba peke yake, hakuzigusa hata siku Jesca alipolazwa kujifungua. Wale wanne wa kikundi akawalipa mmoja baada ya mwingine mpaka wakaisha. Deni la mzee likabaki limesimama zima, halina wa kulipokea.

Aprili ya mwaka wa pili Amne akaja, akakaa kwenye benchi kwa uzito.

"Mama Jesca, nalala naamka nikifikiria. Yule mzee anakuchezea."

"Mzee Mughwai?"

"Karatasi inasemaje? Juni ikifika deni halijalipwa, kiwanja chake. Sasa mtu akizikataa hela makusudi, deni litalipwa na nani? Si linafika Juni liko palepale? Anapata vyumba vinne vyenye wapangaji kwa bei ya ng'ombe watatu. Na mmoja pembe imepinda!"

Severina alicheka kwa sababu ya ile pembe, lakini kuanzia siku hiyo alizihesabu siku zilizobaki kufika Juni. Alivitazama vyumba kama mtu anayeaga. Alianza kuona vitu ambavyo hakuwa akiviona: jinsi maji ya mvua yalivyochora mstari kwenye ukuta wa mwisho, jinsi Peniel alivyopanga viatu viwili viwili mlangoni. Melkizedeki alichimba ule msingi kwa jembe lake mwenyewe, kila jioni baada ya shamba. Uondoke kwa sababu ya kidole kilichowekwa kwenye karatasi?

Mei nzima aliwaza. Wiki ya pili ya Juni akazitoa zile hela zote benki, akajazia zilizopungua, zikawa milioni mbili, laki tatu na elfu kumi, ongezeko likiwamo, akazifunga kwenye kitenge kilekile cha mzee, maana alikihifadhi.

"Nakwenda Ihanja," akamwambia Amne. "Utakuwa shahidi wangu. Azipokee mbele yako, au azikatae mbele yako."

"Twende. Na nitaongea mimi."

"Hutaongea wewe."

Wakachukua bodaboda mbili. Ilikuwa msimu wa kupiga alizeti. Walimkuta Mzee Mughwai uani, amekaa juu ya gunia, anapiga vichwa vya alizeti kwa kijiti, taratibu, mbegu zinarukia turubai. Theresia akaja mbio na vigoda, na maziwa ya mgando kwenye vikombe vya bati. Wakamsalimia mzee, wakaulizana habari za mvua, za mtama, za mtoto wa Jesca, za bei ya mafuta. Yalipokwisha hayo, Severina akakiweka kile kitenge kwenye turubai, mbele ya miguu ya mzee.

"Baba, nimekuletea deni lako. Lote."

Mzee akaacha kupiga. Alikitazama kitenge muda mrefu. Aliponyanyua uso, macho yake yalikuwa yamebadilika.

"Nimekukosea nini?"

"Baba?"

"Nauliza, mke wa Melkizedeki. Mara ya kwanza uliwarudisha, nikasema ni msiba, hana mchungaji. Sasa una vyumba, una wapangaji, una nguvu, na unanirudishia ng'ombe wote watatu mbele ya shahidi. Watu wakigombana ndiyo wanarudishiana ng'ombe. Sisi tumegombana lini?"

Amne akashindwa kujizuia. "Mzee, hakuna anayerudisha ng'ombe. Hizo ni hela. Ulikopesha hela, za nyumba."

"Hela zilitoka wapi?"

"Kwenye ng'ombe."

"Haya." Mzee akamgeukia Severina. "Melkizedeki alinifugia miaka tisa. Aliwahi kuniletea maziwa huku Ihanja kila mwezi?"

"Hapana, baba."

"Maziwa ni ya nani?"

Severina aliyajua hayo tangu utoto. "Ya anayefuga," akasema, sauti ikishuka.

"Na samadi?"

"Ya anayefuga."

"Sasa wewe unanitumia maziwa kwa simu! Kila mwezi! Huyu Theresia ananiambia, baba, laki moja imeingia. Namwambia rudisha, hayo ni ya mwenzangu, ana wajukuu. Mwezi ujao tena!"

"Mzee," Amne akasema, "lakini nyumba haina maziwa."

"Haina? Hao watumishi wanamlipa nini kila mwisho wa mwezi?"

Amne akakiinua kikombe chake. Mara ya kwanza kwa miaka mingi, akanywa mgando wake kimya.

Severina akakumbuka lile swali, utavifuga mwenyewe au utamwachia mtu, na jibu alilolitoa akitabasamu. Akamwomba ile karatasi. Mzee akamtuma Theresia ndani, ikatoka kwenye kopo la mafuta ya kupaka, bado imekunjwa mara nne, haijawahi kufunguliwa. Amne akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, na alipofika penye kiwanja akasoma polepole zaidi.

"Kiwanja cha Melkizedeki?" mzee akauliza. "Kiwe changu?"

"Ndivyo inavyosema. Una kidole hapa."

"Mlisema weka kidole, nikaweka. Nilidhani ni ya kuonyesha nimewaleta." Akaichukua ile karatasi kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika mdudu, akampa Severina. "Ipeleke chini ya chungu chako ikapikie maharage. Kiwanja cha mtu aliyenifugia miaka tisa! Mngenisemaje Ikungi nzima?"

Severina aliishika. Mabega yake, yaliyokuwa juu tangu Aprili, yakashuka yenyewe. Ila kitenge bado kilikuwa pale kwenye turubai, na mzee hakukigusa, na uso wake haukuwa umerudi kawaida. Severina akaona bado kuna kitu.

Hapo akamkumbuka Melkizedeki. Ng'ombe wa mzee akizaa, hata awe na kazi gani, siku hiyohiyo Melkizedeki alituma habari Ihanja: kazaa, njoo uone. Mzee alikuja. Aliwekewa kigoda karibu na zizi, akashika ndama masikio, akanywa maziwa, akala, akalala, akaondoka kesho yake. Mwenye ng'ombe haendi kuwatazama bila kuitwa, asije akaonekana anamshuku mfugaji. Anangoja habari. Na vyumba vilikuwa vimekamilika karibu miaka miwili, milango ya bluu, wapangaji ndani, na Severina alikuwa ametuma hela, ametuma salamu, hakuwahi kutuma habari.

Vyumba vipo? Havijaugua? Alikuwa anaombwa, na hakusikia.

"Baba," akasema, "nilichelewa kukuambia. Vyumba vimekamilika. Vinne. Njoo uone."

"Lini?" mzee akauliza, haraka kabisa, kama mtu ambaye tayari amevaa koti.

"Jumamosi."

"Jumamosi nakuja. Hicho kitenge kichukue. Tutakiongelea huko huko, zizini."

Ijumaa Severina alifagia uwanja mpaka mchanga ukabaki na mistari ya ufagio. Aliwaambia wapangaji kuna mgeni mkubwa. Jumamosi alichinja jogoo, akasonga ugali wa uwele, akapika mlenda na maharage kidogo kwa heshima ya kazi yake. Amne alijileta mwenyewe bila kuitwa, na dumu la mafuta.

Mzee Mughwai alifika saa tano, koti limepigwa pasi, fimbo mkononi. Kabla hajakaa akampa Severina kifuko cha plastiki kilichofungwa. Ndani mlikuwa na chumvi ya mawe, ile wanayolambishwa mifugo.

"Ya ng'ombe," akasema, kisha akacheka mwenyewe. "Mkono umezoea. Huwa siji mtupu."

"Tutaitilia kwenye mboga, baba."

Akazunguka. Aligonga kila ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Alifungua mlango mmoja na kuufunga mara tatu. Alisimama penye ule mstari wa maji ya mvua, akasema hapo pawekwe bomba la bati mapema, kabla ya masika. Peniel akatoka, akapiga goti kidogo, "Shikamoo babu."

"Marahaba. Huyu ni wa ukoo gani?" akamuuliza Severina, kama mtu anayeuliza mama wa ndama.

"Ni mtu wa Kintinku, baba. Nesi, hapa hospitali ya wilaya."

Mzee akamtazama vizuri. "Nakujua wewe. Unapima presha. Una mikono ya baridi."

"Ndiyo babu. Na wewe hutumii dawa vizuri."

Amne akaangua kicheko mpaka akashika nguzo.

Walikula nje, kivuli cha ukuta kikiwa upande wao. Mzee aliwekewa kigoda mahali ambapo angeweza kuiona milango yote minne. Alikula paja, akala firigisi aliyotengewa, akanawa. Severina akakileta kitenge, akakiweka juu ya mkeka.

Mzee akakifungua safari hii. Akazigawa zile noti kwa utulivu. Za ng'ombe wawili akazitia kwenye koti, akasema mwaka huu kuna mitamba mizuri mnadani na yeye naye ana zizi. Zilizobaki, pamoja na lile ongezeko lote, akazifunga tena, akamsukumia Severina.

"Ng'ombe mmoja nimemwacha hapa. Yule mwenye pembe iliyoinama. Weka bomba la mvua. Na usinitumie maziwa."

"Nitafanya hivyo, baba." Severina akaweka mkono juu ya kitenge. Miezi ishirini na mbili alikuwa ameogopa kuuliza. "Lakini baba, nisamehe. Tangu mwanzo. Faida ulikuwa huitaki, kiwanja hukitaki, kodi huitaki. Wewe ulitaka nini?"

Mzee Mughwai aliitazama milango ya bluu, mmoja baada ya mwingine. Akachora kitu mchangani kwa fimbo, akakifuta kwa mguu.

"Kila mwezi nakuja hapa Ikungi kwa ajili ya presha," akasema. "Pale dirishani hospitali wana daftari. Wanauliza jina, wanauliza kijiji, halafu wanauliza, mzee, hapa Ikungi unafikia kwa nani? Zamani nilikuwa nasema, kwa Melkizedeki, nina ng'ombe kwake. Ulipowarudisha wale ng'ombe nikawa nasema, sina. Miaka minne nasema sina, na yule karani anachora mstari." Akaweka fimbo chini. "Nilitaka wakiniuliza tena niwe na jina la kutaja."